Siku 60 zinazoamua nani atakuwa meneja

Mwezi wa tatu ukifika, kumbi za hoteli za Kampala hujaa mikutano ya wanawake viongozi, na majina yanayotajwa jukwaani ni yale yale. Yanastahili kutajwa. Allen Kagina aliiongoza Mamlaka ya Mapato, URA, kuanzia 2004 hadi 2014, kisha akakabidhiwa Mamlaka ya Barabara. Jennifer Musisi alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa KCCA, mamlaka ya jiji, mwaka 2011. Doris Akol ndiye aliyepokea kijiti cha Kagina pale URA. Anne Juuko alipewa usukani wa Benki ya Stanbic mwaka 2020, na Sylvia Mulinge, dada yetu kutoka Kenya, akaja kuongoza kampuni ya simu ya MTN Uganda mwaka 2022. Mzungumzaji akishamaliza orodha huigeukia hadhira na kuuliza: kama hawa waliweza, wewe unashindwa na nini?

Wanaouliza hivyo si watu wa kubezwa. Wanasema mlango ulifunguliwa zamani. Tangu 1990 msichana anayeomba kuingia chuo kikuu cha umma huongezewa pointi 1.5. Mwaka 1994 Specioza Kazibwe alishakuwa makamu wa rais. Katiba ya 1995 ikamtengea mwanamke kiti cha ubunge katika kila wilaya, na theluthi ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa. Wasichana wa mwanzo wa zile pointi leo wamevuka miaka hamsini, umri wa kukaa kwenye bodi za kampuni. Kwa hiyo, wanasema, kilichobaki ni mwanamke mwenyewe: aombe nafasi, akubali uhamisho wa Gulu au Mbarara, asinyamaze kikaoni. Shirikisho la Waajiri la Uganda lina programu ya kuwanoa wanawake kwa uongozi, mbegu yake ilitoka Norwei. Nimefanya kazi na wanawake waliopitia mafunzo ya aina hiyo, na faida yake nimeiona kwa macho. Mtu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao sasa anakiongoza.

Ninachokataa ni kwamba hapo ndipo penye tatizo. Tatizo liko kwenye siku 60 za likizo ya uzazi, na nani anayezilipa.

Itazame tena ile orodha. Kagina, Musisi na Akol wote watatu wametoka nyumba moja. Musisi na Akol kila mmoja kwa wakati wake alikuwa kamishna wa sheria wa URA, Kagina akiwa bosi. Wengi husema ni kwa sababu mwanamke aliye juu aliwaona walio chini, nami nakubali. Lakini kuna jambo la kawaida zaidi ambalo jukwaani halisemwi. URA ni taasisi kubwa, ina ngazi za vyeo zinazojulikana na bajeti ya serikali. Afisa mmoja akienda kujifungua, pengo lake linamezwa na ukubwa wa nyumba. Sasa chukua kampuni ya watu tisa pale Nakawa au Ntinda, hapa hapa Kampala, ambako ndiko wengi wetu tunakotafuta riziki, uone pengo hilo linaonekanaje.

Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Baba anapata siku nne. Ukitoa nne kwenye sitini unabaki na 56, na nimeihesabu namba hii mara nyingi kuliko namba yoyote nyingine katika kazi yangu. Siku 56 ndiyo tofauti kati ya mfanyakazi wa kike na wa kiume machoni pa mtu anayelipa mishahara. Na anayelipa ni yeye peke yake. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, tunaichangia asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kumi ya mwajiri na tano yetu, lakini mafao yake ni ya uzee, ulemavu, urithi na mengine ya namna hiyo. Uzazi haumo. Mama akiwa nyumbani na kichanga, kila shilingi ya mshahara wake inatoka mfukoni mwa mwajiri.

Tuseme ni mhasibu anayelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa ofisi ya Jumatatu hadi Ijumaa, siku 60 ni wiki 12. Hiyo ni kama milioni 3.3 za mshahara, na juu yake 330,000 za NSSF. Wa kumshikia nafasi, hata ukimpata kwa 800,000 kwa mwezi, anachukua zaidi ya milioni mbili. Jumla inakaribia milioni sita. (Kwa ofisi zinazofanya kazi hadi Jumamosi, siku 60 ni wiki kumi tu, na mama anarudi kazini na mtoto wa miezi miwili na kidogo. Hilo nalo lina uzito wake.) Benki kubwa haiihisi milioni sita. Kampuni ya watu tisa huenda mwezi huo ikakopa ili ilipe mishahara.

Nazungumza kwa niliyoyaona. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, ya kupigiana simu na bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba tangu alfajiri, na ndiyo maana ofisini kwetu Kiswahili hakilali. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, niliitwa kwenye jopo la usaili. Tulikuwa tunatafuta msimamizi wa dawati la entri, yaani hati za kutangaza mizigo forodhani, mtu wa kuzikagua kabla hazijaingia kwenye mfumo wa URA. Nafasi hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza kuelekea umeneja. Walibaki wawili. Mwanamke alikuwa na uzoefu wa miaka sita na cheti cha uhasibu. Mwanamume alikuwa na miaka minne. Mwanamke alijibu kila swali, tena alituonyesha kosa katika mfano wa ankara tuliompa. Alipotoka nje, mwenye kampuni alivuta karatasi yake, akaandika pembeni kwa penseli: pete, mpya. Alikuwa ameitazama pete ya ndoa kidoleni.

Nafasi alipewa mwanamume.

Mtu aliyeandika maneno yale hakuwa mtu mbaya, na hapa ndipo nadhani pande zote mbili za mjadala huu zinamkosea. Mimi mwenyewe nilijifungua nikiwa kwake. Alinilipa siku zangu zote, akamtuma dereva aje anichukue hospitali, na kazini nikarudi nikaikuta meza yangu kama nilivyoiacha. Lakini miezi ile alihangaika. Alichelewa kulipa kodi ya ofisi, na mteja mmoja wa vipuri akahama kwa sababu entri zake zilikuwa zinachelewa. Alijua gharama ya likizo ya uzazi kwa sababu aliilipa kwa ajili yangu. Ile penseli ilikuwa inaandika yaliyompata mwaka wangu.

Ubaguzi wa namna hiyo sheria imeukataza, waziwazi. Utauthibitishaje? Karatasi ile ilikwenda kwenye pipa jioni ile ile. Mwanamke yule aliambiwa ushindani ulikuwa mkali. Angekuja mwezi wa tatu hotelini angeambiwa ajiamini zaidi, na angeamini kwamba alichokosa ni kujiamini.

Wapo wanaotaka Uganda iige Norwei, iliyoamuru kwa sheria asilimia 40 ya wakurugenzi wa bodi za kampuni kubwa wawe wanawake. Siipingi. Ila bodi huchota kwa waliokwisha kufika juu, na kwetu kamba inakatikia chini kabisa, kati ya miaka 27 na 37, pale ambapo mtu huchaguliwa kuwa msimamizi kwa mara ya kwanza. Anayekosa ngazi hiyo hafiki kwenye orodha ya kuchujwa.

Rwanda wamefanya jambo dogo ambalo naona lina akili kuliko mikutano yetu yote. Kwa sheria ya 2016, mwajiri anachangia asilimia 0.3 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 0.3, awe mwanamume au mwanamke, ana watoto au hana. Fedha zinakwenda kwenye mfuko wa uzazi chini ya Bodi ya Hifadhi ya Jamii. Mpango ulipoanza, mwajiri alibaki kulipa wiki sita za kwanza, na sita zilizofuata zikalipwa na mfuko. Kwa yule mhasibu wetu wa 1,200,000, mchango wa mwajiri ungekuwa shilingi 3,600 kwa mwezi. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba anazilipa hizo 3,600 hata akimwajiri mwanamume. Akikwepa wanawake hapunguziwi senti. Nusu ya sababu ya ile penseli inaondoka.

Wanaopinga wana hoja. Mshahara wa Uganda umekwisha kukatwa vya kutosha: kodi ya mapato inayofika asilimia 30 kwa watu wa kawaida, NSSF, kodi ya huduma ya serikali za mitaa. Ukiongeza mkato mwingine, hata wa shilingi elfu tatu, watu watauliza fedha zitakaa wapi, na baada ya uchunguzi wa Bunge kuhusu NSSF mwaka 2023 swali hilo si la uchokozi. Tena wanawake wengi wa nchi hii hawana barua ya ajira. Mama anayeuza matoke Nakawa mfuko huo hautamgusa, na ni haki yake kuuliza kwa nini kelele zote hizi ni za wenye ofisi. Hoja hii ya mwisho inanisumbua, sina jibu la kuitosheleza. Ninachoweza kusema ni kwamba suala la nani anaongoza kampuni linaamuliwa ndani ya ofisi, na kwa sasa linaamuliwa vibaya.

Kuna waliowahi kuniambia kwamba pesa si kitu, kinachouma ni mazoea: anayejua wateja na mfumo hapatikani kwa miezi miwili. Kweli. Lakini wanaume nao huondoka. Mwanamume aliyepata ile nafasi alikaa mwaka mmoja na miezi kadhaa, akatoa notisi ya mwezi mmoja akaenda kwa mshindani wetu, na wateja wawili wakamfuata. Siku ya usaili hakuna aliyemwandikia lolote pembeni.

Iko namba nyingine inayopendwa sana. Mwaka 2020 Mastercard walipima nchi 58, na Uganda ikaongoza kwa sehemu ya biashara zinazomilikiwa na wanawake: asilimia 39.6. Tulishangilia. Mimi kila nikiisoma huwaza ni wangapi kati yao waliifungua biashara kwa sababu waliipenda, na ni wangapi waliifungua kwa sababu ofisini ngazi iliishia kwenye pete. Mwanamke mwenye biashara yake ni jambo jema. Mwanamke mwenye uzoefu wa miaka sita wa forodha kuanza upya na meza moja ya kukodi ni hasara ambayo kipimo kile hakina safu ya kuiandika.

Yule dada wa usaili naye yumo katika asilimia hizo. Alifungua ofisi yake karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, anawatolea mizigo wafanyabiashara wa vitambaa na vyombo, na mimi na yeye tumekuwa marafiki. Ana wafanyakazi wanne. Mwaka juzi msichana wake wa entri alijifungua, naye akamlipa siku zote 60, kwa sababu, aliniambia, asingeweza kufanya vingine akajitazama kwenye kioo. Alinionyesha daftari la mwezi ule. Wino mwekundu ulianza katikati ya ukurasa ukaenda hadi chini.

Baadaye alihitaji mtu wa tano. Maombi yalikuja mengi, wasichana wazuri wenye vyeti. Nilipopita ofisini kwake nilimkuta kijana wa kiume amekaa kwenye meza mpya, bado ina nailoni. Alinitoa nje hadi kwenye ngazi kabla sijauliza.

"Dada," akasema, "nilipiga hesabu."

Kisha akanyamaza muda mrefu, anaangalia wapagazi wakipandisha marobota, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.