Starfighter ya Ujerumani Magharibi: tuilaumu ndege au walioinunua?

Ujerumani Magharibi ilipokea ndege za kivita aina ya F-104 Starfighter 916 kutoka kwa kampuni ya Lockheed na viwanda vya Ulaya vilivyopewa leseni ya kuziunda. Hadi zinastaafishwa, karibu 300 zilikuwa zimepotea kwa ajali, na marubani 116 wamekufa. Yote hayo wakati wa amani. Wajerumani wenyewe waliiita "mfanya wajane".

Wanaoitetea ndege hiyo wana hoja nzito. Marekani iliibuni ipae juu haraka na kuwahi ndege za adui, mchana, kwenye anga safi. Wajerumani, chini ya waziri wa ulinzi Franz Josef Strauss, walitaka ndege moja ifanye kila kitu: kuzuia, kupeleleza, kushambulia, hata kubeba bomu la nyuklia la Marekani ikiruka chini sana. Wakaiongezea vifaa na uzito. Marubani wakapata mafunzo Arizona, kwenye jua na anga wazi, kisha wakarudi kwenye mawingu na mvua za Ulaya kaskazini. Mafundi nao walikuwa wachache, na ndege nyingi zililala nje kwa kukosa mabanda ya kuzihifadhi. Erich Hartmann, rubani aliyeongoza kwa kuangusha ndege katika Vita Kuu ya Pili, alionya kwamba jeshi halikuwa tayari kuzipokea. Hakusikilizwa.

Ushahidi mwingine wa watetezi ni mwaka 1966. Baada ya ajali za mwaka uliotangulia kuzua kelele bungeni, Jenerali Johannes Steinhoff alikabidhiwa Jeshi la Anga, akakaza mafunzo na matengenezo, na kasi ya ajali ikapungua. Ndege ni zile zile.

Lakini itazame kwa karibu. Upana wake, ncha ya bawa hadi ncha, haufiki mita 7, na makali ya mbele ya bawa ni membamba kiasi kwamba ikiwa imeegeshwa ilivalishwa vifuniko ili isiwakate mafundi. Bawa dogo namna hiyo halibebi ndege kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo wakati wa kutua hewa ya moto kutoka kwenye injini ilipulizwa juu ya vibawa vinavyoshuka nyuma ya bawa kuongeza nguvu ya kuinua. Injini ilikuwa moja tu. Ikipoteza nguvu karibu na uwanja, rubani anapoteza msukumo na sehemu ya kuinuliwa kwa pamoja, akiwa na sekunde chache za kuamua. Na kiti cha kujirushia, hadi kilipobadilishwa na cha kampuni ya Uingereza ya Martin-Baker, hakikumfaa aliye chini na asiye na mwendo wa kutosha. Hapo mafunzo yanasaidia, ila hayaongezi bawa.

Sipendi mfano wa Hispania unaorudiwa kila mjadala huu unapozuka. Ni kweli Wahispania walirusha Starfighter 21 kuanzia 1965 hadi 1972 bila kupoteza hata moja. Ila walizirusha takriban saa 17,000 tu, nyingi kwenye hali nzuri ya hewa, wakati Wajerumani walikaribia saa milioni 2. Piga hesabu: hata kwa kiwango cha ajali cha Ujerumani, Hispania ingepoteza mbili au tatu. Kutopoteza hizo mbili au tatu si muujiza.

Kanada ndiyo inayowasumbua watetezi. Marubani wake walikuwa wazoefu wa ndege za jeti, hawakuwa na pengo la miaka 10 bila jeshi la anga kama Wajerumani, na bado walipoteza karibu nusu ya Starfighter zao zaidi ya 200, wakiruka chini kwenye anga lile lile la Ulaya. Kilichowaunganisha na Wajerumani ni ile kazi ya kuruka chini.

Kwa hiyo mzigo mkubwa nauweka kwenye meza ya manunuzi. Bawa lile lilionekana kwa macho kabla ya sahihi ya kwanza. Ila ajali ya Juni 1962, Starfighter 4 zilipoanguka pamoja karibu na kambi ya anga ya Nörvenich, Ujerumani Magharibi, zikifanya mazoezi ya maonyesho, siiingizi humo: aliyewaagiza watu waruke kwa kubanana, wakimfuata kiongozi mmoja, angeweza kuwaua kwa ndege yoyote.