Mlango wa kizazi na mikono ya muuguzi

Mabingwa wa magonjwa ya wanawake wana hoja wanaposita kuona kazi yao ya kuchunguza na kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ikipelekwa kwa wauguzi wa zahanati. Kuchunguza mlango wa kizazi kwa siki kunategemea jicho. Doa lilelile, mmoja ataliona hatari, mwenzake ataliona ni mchubuko tu. Wapo wanawake watakaochomwa doa hilo kwa kifaa cha joto bila sababu. Na kwa waliovuka miaka 50, sehemu inayotakiwa kutazamwa mara nyingi imejificha ndani.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Muuguzi anapaka siki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, anatafuta weupe unaoashiria seli zisizo za kawaida. Akiuona, na kama hauingii ndani ya njia ya kizazi wala hakuna dalili ya saratani, anaugusa kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30. Kinatumia betri, hakidai mitungi ya gesi kama kile cha kugandisha. Mama anaondoka ametibiwa siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo: wanaopinga huipita haraka mno. Kwa njia ya zamani kuna sampuli, maabara, kusubiri majibu, rufaa, kukatwa kipande kidogo cha nyama cha kupimwa, kusubiri tena. Kila hatua ina nauli yake na siku ya kazi iliyopotea, na kila hatua wapo wasiorudi. Hospitali haiwaoni, kwa kuwa huhesabu waliofika. Aliyechomwa bila sababu atapata maumivu ya tumbo na kutokwa majimaji wiki chache. Asiyerudi huonekana miaka baadaye anatokwa damu, ugonjwa umeshasambaa. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja hata kidogo. Mwaka 2022 saratani hii iliua wanawake wapatao 350,000, asilimia 94 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Huko Mumbai, India, uchunguzi wa siki uliofanywa na wahudumu wasio madaktari ulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31. Ni kweli, waliokutwa na weupe walitibiwa hospitalini, lakini jicho lililowagundua halikuwa la bingwa.

Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuanza na kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Kinapunguza mzigo wa jicho, ila matibabu bado yanahitaji mikono iliyo karibu. Bingwa awafunze wauguzi, akague kazi yao, apokee kesi ngumu. Zilizobaki aziache zahanati.