Mteja Anataka Kujua Kesi Imefika Wapi

Inasemwa kwamba mteja anatafuta wakili mkali, wa kunguruma mbele ya hakimu. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa katikati ya jiji la Nairobi, na simu zote za wateja hupitia kwangu kwanza. Anayelalamika kwamba wakili wake hakunguruma ni nadra sana. Wengi huuliza jambo moja tu: kesi yangu imefika wapi?

Wakili akiulizwa hivyo mara kwa mara huona anasumbuliwa, kwa sababu kwake hakuna jipya. Kesi ilitajwa Jumanne, upande wa pili haujaleta majibu, ikapewa tarehe nyingine, basi. Lakini fikiria mama wa Kayole aliyekopa kwenye chama chao cha akiba ili amlipe wakili malipo ya kwanza. Jumanne hiyo aliizungushia wino kwenye kalenda ya ukutani. Alifunga kibanda chake cha mboga, akaja mahakamani Milimani na mashahidi wawili, wamevaa nguo za kanisani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siku ya kutajwa ni ya kuangalia kama karatasi ziko tayari na kupanga tarehe, na kwamba mashahidi hawaitwi. Alipopiga simu wiki iliyotangulia, alijibiwa, "Wakili yuko kortini, Mama, piga baadaye." Nauli ya watu watatu na mauzo ya siku nzima vilipotea kwa kukosa maelezo ya dakika moja.

Tangu 2020, mahakama za Nairobi zilipoanza kupokea kesi kwa mtandao na vikao vingi kuhamia kwenye video, haja ya kumpasha mteja habari imezidi. Zamani alikaa kwenye benchi akamwona wakili wake akisimama, hata kama ni kuomba kesi iahirishwe. Siku hizi wakili anafungua kompyuta ofisini, anazungumza kidogo, anaendelea na faili nyingine. Naupenda mfumo huu, umetuokoa na foleni nyingi. Ila mteja asiyeambiwa kilichosemwa kwenye skrini hana njia ya kujua kama kuna aliyesimama kwa niaba yake.

Halafu kuna pesa, na hapa sitaki kuzunguka. Mteja hachukii kulipa. Anachochukia ni kutajiwa ada leo, mwezi ujao aambiwe kuna ya mahakama, kisha ya kupeleka hati, bila risiti wala karatasi inayotenganisha malipo ya wakili na gharama za kesi. Sheria ina viwango vya chini vya ada, na inakataza mapatano ya kumlipa wakili akishinda tu. Mwambie mteja hayo siku ya kwanza, umwandikie. Kwenye kesi za ajali ni muhimu zaidi, maana hundi ya bima kwa kawaida hupitia kwa wakili. Mtu aliyevunjika mguu hapaswi kusikia kwa jirani kwamba fidia yake ilishatoka. Likitokea hilo, na wakili hataki kutoa hesabu, ipo tume inayopokea malalamiko dhidi ya mawakili chini ya Sheria ya Mawakili, na wateja wangeelezwa hivyo mapema.

Kuna ukweli mwingine ambao wateja huupokea vizuri kuliko mawakili wanavyodhani: "Hii kesi usiifungue." Au, "Hii unaweza kwenda nayo mwenyewe." Deni lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambapo mtu anaruhusiwa kujisimamia na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nimeona mteja akiambiwa hivyo, akaenda zake bila kuacha pesa yoyote, kisha akamleta dada yake mwenye kesi ya urithi.

Najua wakili ana faili nyingi na mahakama tatu asubuhi moja. Najua pia kuna wateja wanaoficha mambo, yakafichuliwa na wakili wa upande wa pili. Hata hivyo ujumbe wa kumfahamisha mteja si lazima uandikwe na wakili. Turuhusuni sisi makarani tuutume jioni ileile kesi ikitoka kortini: imetajwa, tarehe mpya ni hii, siku hiyo huhitajiki kuja, mashahidi tutakwambia lini.