Nilimlilia mbwa, kisha nikamkimbia

Najua ile video yangu nikitimua mbio mmeshaiona. Shoga yangu, ambaye kuanzia leo namwita Kipaza Sauti, ameirusha kwenye makundi matatu, likiwemo la ukoo. Shangazi kapiga simu kutoka Tanga alfajiri kuuliza nani kanichezea. Basi na mimi nisikilizeni.

Tulikwenda Beddgelert, kijiji cha nyumba za mawe kaskazini mwa Wales, katikati ya milima ya Eryri. Jina hilo kwa Kiwelisi, lugha ya huko, ni "kaburi la Gelert". Na Gelert ni mbwa. (Wewe unayecheka, subiri, bado.)

Unafuata kijia kando ya mto Glaslyn, kondoo wamejaa malishoni, hadi kwenye mti uliozungushiwa uzio. Chini yake kuna mawe yenye maandishi, Kiwelisi na Kiingereza. Nikasoma. Karne ya 13, mwanamfalme Llywelyn anarudi kutoka mawindoni, mbwa wake anamrukia kwa furaha, damu tupu, na kitanda cha mtoto hakina mtu. Akamchoma upanga. Mbwa akapiga ukelele wa mwisho, mtoto akaitikia kwa kilio. Yu mzima! Pembeni yake mbwa mwitu, kauawa na Gelert.

Jamani, nililia. Mimi, ninayevuka barabara nikiona mbwa, nililia kwa kwikwi hadi babu mmoja wa pale akavua kofia.

Nikajitenga nijifute machozi. Karibu na kaburi kuna kijumba kikuukuu cha mawe. Nikaingia, macho yamejaa maji, ncha ya ushungi puani. Nikainua uso.

Mbwa.

Hatua mbili tu. Habweki. Hatikisi mkia. Ananitazama. Na sisi tumelelewa tukijua kwamba asiyebweka ndiye mwumaji. Nikamwambia, kwa Kiswahili safi, "Baba, napita tu." Kimya. Nikarudi nyuma hatua moja. Hajapepesa hata jicho. Nikasoma kila nilichohifadhi, mpaka dua ya kula, ambayo nilipoimaliza ndipo nikaona si ya kumsomea mbwa. Hapo miguu ikajiamulia yenyewe.

Yowe lile mnalolisikia kwenye video ni langu. Kiatu kilichobaki kwenye tope ni changu. Kondoo waliacha kula, wakageuka wote kunitazama nikitua kifudifudi kwenye mavi yao, ya leo leo.

Babu akaja kuniinua. Akanieleza taratibu, kama anayemfariji mfiwa, kwamba ile ni sanamu ya shaba. Kisha akaongeza, wala sikumwuliza, kuwa hata kaburi lenyewe inasemekana ni kazi ya David Prichard, mwenye nyumba ya wageni, mwishoni mwa karne ya 18, avute wateja. Jina la kijiji huenda ni la mtakatifu Celert, binadamu kabisa.

Prichard, popote ulipo, biashara uliijua.

Nguo nimefua mara tatu. Kiatu kimepatikana. Shangazi bado anataka nisomewe.