Tundu la umeme la nje: fyuzi au kikomo cha kielektroniki?

Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, mkoani Kigoma, boksi la sola limekuwa sehemu ya zana za wavuvi wa dagaa: mchana huchajiwa kwa paneli, na usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, huwasha taa za LED zinazovuta samaki karibu na wavu. Taa hizo huunganishwa kwa waya mrefu kwenye tundu la nje la boksi, na hilo ndilo eneo ambalo mtengenezaji hawezi kujua litakutana na nini: maji, waya uliochubuka ukingoni mwa mtumbwi, au plagi iliyolegea. Siku nyaya mbili zitakapogusana, ni kinga gani itakayoliokoa boksi na mtumbwi wenyewe?

Hatari yenyewe si ndogo. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo mtu huibeba kwa mkono mmoja, inaweza kutoa zaidi ya ampea 100 kwa muda mfupi ikipigwa shoti, na waya mwembamba wa taa huyeyuka plastiki kabla mtu hajawahi kuuchomoa.

Wanaotetea fyuzi wana hoja nzito. Fyuzi ni rahisi, haitegemei sakiti nyingine ili ifanye kazi, na ikikatika imekatika kweli: hakuna mkondo unaopita mpaka mtu afungue boksi na kutafuta kosa. Lakini ni nzito kukatika kuliko wengi wanavyodhani. Fyuzi ya kioo ya ampea 2 iliyotengenezwa kwa kanuni za IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, inatakiwa kubeba ampea 3 kwa saa nzima bila kukatika, na hata kwenye shoti kamili, transista, yaani swichi ya kielektroniki inayowasha taa, inaweza kuungua kabla uzi wa fyuzi haujayeyuka. Kasoro inayonisumbua zaidi, hata hivyo, haimo ndani ya fyuzi. Katika maboksi niliyoletewa nitengeneze, mara nyingi nimekuta kwenye kishikio cha fyuzi uzi wa shaba, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Simlaumu aliyefanya hivyo: fyuzi ilikatika usiku wa manane ziwani, dagaa wakiwa tayari wamekusanyika chini ya taa, na duka la vipuri liko mjini. Tangu usiku huo, boksi lile halikuwa na kinga yoyote.

Polifyuzi, ambayo hupata joto na kuzuia mkondo unapozidi, kisha ikapoa na kuupitisha tena, huondoa tatizo hilo kwa bei ndogo. Ila ile ya ampea 1 kwa kawaida haihakikishi kukata mpaka mkondo ufike karibu ampea 2, na boksi lililoachwa juani likifika nyuzijoto 60 ndani, uwezo wake hushuka kwa karibu theluthi moja, kiasi kwamba taa isiyo na kosa lolote huweza kuzimika. Kwa kazi ya mwaloni siipendekezi.

Kinachobaki ni kikomo cha kielektroniki, kinachopima mkondo na kuizima transista kabla haijadhurika. Hapa umakini unahitajika. Sakiti inayobana mkondo kwenye ampea 2 bila kuuzima huiachia transista karibu volti 12 zote wakati wa shoti, yaani wati 24 za joto, ambazo transista ndogo isiyo na bati la kupozea haiwezi kuzihimili. Ni heri izime, isubiri, kisha ijaribu tena: ikijaribu kwa milisekunde 10 katika kila sekunde, wastani wa joto hushuka hadi wati 0.24. Muda huo mfupi pia huzipa kapasita za taa, yaani vihifadhi vidogo vya chaji vilivyo ndani yake, nafasi ya kujaa, kwani kikomo chenye haraka kupita kiasi hukataa kuwasha hata taa nzima.

Wapo wasemao kwamba kinga inayojirudisha huficha kosa. Wana haki, na kwa hiyo taa ndogo nyekundu kwenye boksi haina budi kuonyesha kwamba tundu limezidiwa. Lipo pingamizi zito zaidi: transista ikiungua, mara nyingi huungua kwa namna ya kupitisha umeme moja kwa moja, na kikomo chote hutoweka.

Ndiyo maana naona fyuzi isiondolewe, bali ihamishwe. Kikomo kishughulikie shoti za kila siku kwenye tundu, na fyuzi kubwa kidogo, tuseme ya ampea 5, ilehemiwe jirani kabisa na betri, mradi waya unaoifuata unaweza kubeba zaidi ya hapo bila kuungua. Fyuzi hiyo haitakatika kwa sababu ya waya uliochubuka, kwa hiyo hakuna atakayeshawishika kuiziba kwa shaba. Gharama huongezeka, nakiri, na kwa boksi dogo la taa moja fyuzi peke yake inaweza kutosha, ikiwa mtengenezaji atabandika fyuzi mbili za akiba ndani ya kifuniko.