Kontroli Kupita Hakuthibitishi Kila Kuveti

"Kontroli zimepita, weka sampuli." Kauli hii ya maabara inaniudhi (kontroli ni sampuli ambazo majibu yake yanajulikana tayari, za kuijaribu mashine), na inaniudhi zaidi anapoitoa mtu ambaye usomaji wa asubuhi hiyo wa kuveti, yaani vile vikasha vidogo angavu ambamo mashine hupitisha mwanga kupima sampuli, umelala mezani pake na hajautupia jicho.

Kontroli ikipita, imepita ndani ya kuveti iliyoibeba. Mashine ya kemia ina makumi ya kuveti, na kontroli mbili za kipimo kimoja hukaa katika kuveti mbili. Zilizobaki hazijathibitishwa. Mgonjwa ambaye sampuli yake imeangukia kuveti yenye utando wa protini hatetewi na chati yoyote ya kontroli.

Najua nitakavyojibiwa: mashine husoma kwanza kuveti ikiwa na maji, kisha hukitoa kiasi hicho kwenye jibu. Tena katika vipimo vya kasi kama ALT na AST (vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini), mkwaruzo usiobadilika hauharibu kitu, maana tunapima mabadiliko kwa dakika. Haya, nakubali. Ila uchafu hautulii. Utando hubanduka mmenyuko ukiendelea. Kiputo hunata ukutani, kisha hupanda. ALT tunaijua kwa jinsi NADH, kemikali inayofyonza mwanga, inavyopungua kwenye mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340, na mashine haina namna ya kutambua kwamba kilichoondoka ni kiputo.

Na ni kwenye 340 hiyo hiyo taa ya halojeni, inayomulika kuveti ndani ya mashine, huchoka mapema. Hata ikiwa mpya, mwanga wake upande huo ni haba. Watu hufungua kifuniko, wakaiona inang'aa, wakaridhika. Jicho la binadamu halioni nanomita 340! Kitendanishi cha ALT, yaani kemikali inayochanganywa na sampuli, huanza na ufyonzaji mkubwa wa mwanga kwa kuwa kimejaa NADH, na ufyonzaji ukifika 2, mwanga unaokifikia kihisi ni asilimia 1 tu. Taa ikiwa dhaifu, asilimia hiyo humezwa na kelele za umeme, na majibu ya sampuli ile ile huanza kutofautiana bila sababu inayoonekana. Kwa hiyo soma nambari za mwanga kwa kila urefu wa wimbi, na uzilinganishe na za siku taa ilipowekwa ikiwa mpya.

Neno "sawa" kwenye skrini nalo lisikutoshe. Kuveti ambayo usomaji wake unapanda kidogo kidogo kila wiki inachafuka, hata kama haijavuka kikomo. Ioshe, isome tena, isiposhuka, itoe. Za plastiki huchakaa, ndivyo zilivyo.

Ukibadilisha taa, usishike kioo chake kwa vidole vitupu. Iache ipate moto mpaka usomaji utulie, kisha soma kuveti upya kabla ya kalibresheni, yaani kuirekebisha mashine kwa sampuli za viwango vinavyojulikana. Zote, si zile tu zilizosumbua jana.