Kibanda Umiza Kimenifuata Hadi Lyon

Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Lyon, mji wa Ufaransa ambako ndugu Auguste na Louis Lumière waliwapiga picha za sinema wafanyakazi wakitoka kiwandani kwao mwaka 1895. Sehemu ya kiwanda hicho bado imesimama, na ndani yake mna ukumbi wa sinema ninaouendea karibu kila wiki. Viti ni laini, picha ni safi, na watazamaji huketi kimya hadi jina la mwisho lipite.

Mimi sikulelewa katika ukimya huo. Filamu nilijifunzia katika kibanda umiza mtaani kwetu Tanga, chumba cha mabati chenye mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni ya inchi 21 na deki, ambamo sauti ya Lufufu, mtafsiri maarufu wa filamu za kigeni, ilimfunika mwigizaji na kutusimulia kisa kizima kwa Kiswahili huku nasi tukimjibu. Baadaye niliazima kamera ambayo mjomba alipigia harusi, nikawa nahariri kwa deki mbili, moja ikicheza na nyingine ikirekodi, kidole kikiwa juu ya kitufe. Bibi jirani aliyeigiza adui alikataa katakata kufa, akidai kuwa yeye ndiye stelingi na stelingi hafi. Ikabidi tubadilishe kisa.

Wenzangu wengi huku husema kwamba nyumbani tumekosa vifaa. Sikubaliani nao, kwa kuwa simu za leo zinashinda kwa mbali kamera ile ya mjomba. Tulichokosa ni njia ya kumrudishia mtengenezaji fedha. Ufaransa hukata asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi ya sinema na kuipeleka CNC, taasisi ya taifa iliyoundwa mwaka 1946, ambayo hugharimia filamu mpya, hivyo hata anayekwenda kutazama filamu ya Hollywood huchangia ya Kifaransa bila kujua. Kwetu, kiingilio cha kibandani kiliishia mfukoni mwa mwenye kibanda, na hata Bongo Movie ilipovuma, watengenezaji wengi waliuza haki zao kwa msambazaji wa Kariakoo kwa mkupuo mmoja, na hesabu ikafungwa hapo. Utaratibu huo wa tiketi ningependa tuuige kesho asubuhi.

Ukimya wao, hata hivyo, tuwaachie wenyewe. Mwaka jana nilionyesha hapa filamu yangu ya dakika 12. Walipiga makofi ya adabu, na mmoja akaniuliza nilitumia lenzi gani. Filamu hiyohiyo dada yangu aliionyesha barazani Tanga, akanirekodia sauti za majirani wakimkemea mhusika asithubutu kufungua mlango. Rekodi hiyo nimeisikiliza mara nyingi kuliko nilivyoitazama filamu yenyewe.